Kutafuta Hitilafu ya Umeme wa Gari kwa Mita Badala ya Kubahatisha

Betri, alteneta (mashine inayoichaji betri injini ikinguruma) na sensa nyingi hubadilishwa zikiwa nzima. Pesa zinatoka, kifaa kipya kinafungwa, na tatizo linabaki palepale kwa sababu kilichoharibika kilikuwa waya uliooza ndani ya konekta, fyuzi isiyoshika vizuri au ethi iliyoliwa na kutu. Umeme hauonekani kwa macho, ndiyo maana watu hubahatisha. Lakini unapimika, na mita ya kawaida ikitumiwa kwa utaratibu inatosha kufikia chanzo cha hitilafu nyingi za gari.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: pima saketi ikiwa inafanya kazi. Taa iwe imewashwa, feni iwe inazunguka, stata iwe inasukuma injini. Kipimo kilichochukuliwa saketi ikiwa imelala kinaweza kuonyesha volti kamili hata kama waya umebakiwa na uzi mmoja wa shaba, kwa sababu mita yenyewe huvuta mkondo mdogo mno na uzi mmoja unautosha. Washa taa, na uzi huohuo utashindwa.

Kila saketi ya gari ina chanzo, njia ya kwenda kwenye kifaa, na njia ya kurudi kwenye hasi ya betri. Njia ya kurudi mara nyingi ni bodi ya gari yenyewe, ndiyo tunayoiita ethi. Kifaa kikikataa kufanya kazi, ama umeme haukifikii, ama unakifikia lakini haupati njia ya kurudi, ama kifaa chenyewe kimekufa. Kazi yote ni kujua ni lipi kati ya hayo.

Vifaa na tahadhari

Unahitaji mita ya kidijitali inayopima volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) na AC (umeme unaogeuka-geuka), ukinzani, na ampea hadi 10 kupitia tundu lenye fyuzi. Pili, testa ya balbu ya volti 12, ile yenye ncha na kibanio. Testa ni nzuri kwa fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) na saketi za taa kwa sababu balbu yake inavuta mkondo wa kweli. Kwa sababu hiyohiyo, usiiguse kwenye nyaya za sensa na za kompyuta: inaweza kuvuta mkondo kuliko uwezo wa saketi hizo. Tatu, skana ya kusoma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari na takwimu za injini ikiwa inanguruma. Nne, mchoro wa nyaya wa modeli na mwaka wa gari hilohilo. Wengi huuruka mchoro na kufuata rangi za nyaya kwa macho, kisha hupoteza saa nzima mahali ambapo mchoro ungewaonyesha kwamba taa mbili zilizokufa pamoja zinatumia ethi moja.

Vua pete na saa ya chuma kabla ya kuinamia betri. Unapofungua betri, anza na kichwa cha hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeshaunganisha betri nzima kwa kipande cha chuma, na mkondo wake unaweza kukuunguza au kuilipua betri.

Nyaya na konekta za njano mara nyingi ni za mifuko ya hewa ya usalama. Usizipime ukinzani wala kuzigusa kwa testa, kwani mkondo mdogo tu unaweza kuulipua mfuko. Ukilazimika kufanya kazi karibu nazo, fungua betri na usubiri muda uliotajwa na mtengenezaji wa gari ili umeme uliohifadhiwa ndani ya kompyuta yake uishe. Nyaya nene za rangi ya chungwa kwenye magari ya haibridi na ya umeme hubeba volti mamia na zinaua. Hizo ni za fundi aliyefunzwa kazi hiyo na mwenye glavu zake.

Anza na betri, hata kama huishuku

Kompyuta za gari hufanya vituko volti zikishuka: taa za onyo zinawaka ovyo, gia zinabadilika vibaya, usukani wa umeme unakuwa mzito, na skana inatoa misimbo kumi isiyohusiana. Ukianza kuchunguza msimbo mmoja mmoja kabla ya kuhakikisha betri ina nguvu, utazunguka bure.

Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, pima volti kwenye vichwa vya betri. Kama limetoka kutembea muda mfupi uliopita, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndipo upime, maana chaji ya juujuu hudanganya. Betri ya asidi ya risasi iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 ina takriban robo tatu ya chaji, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Chini ya 11.9 ihesabu kuwa imekwisha, na usiendelee na kipimo kingine chochote hadi uichaji.

Volti za mapumziko hazisemi kama betri ina nguvu ya kusukuma injini. Kwa hilo, weka ncha za mita kwenye betri na mtu mwingine apige stata. Kwenye hali ya hewa ya wastani, volti zisishuke chini ya 9.6 wakati injini inazunguka. Betri iliyojaa ikishuka hadi 8 au 7, ndani yake kuna seli iliyokufa, au stata inavuta mkondo kupita kiasi. Betri ina seli sita zenye takriban volti 2.1 kila moja, kwa hiyo betri iliyochajiwa vizuri ikang'ang'ania kwenye 10.5 karibu hakika imepoteza seli moja.

Angalia pia vichwa vyenyewe. Unga mweupe au wa kibuluu ni alama ya mmomonyoko, lakini kibanio kinaweza kuonekana safi kwa nje na kuwa na utando mweusi kwa ndani. Fungua, sugua kwa brashi ya waya hadi risasi ing'ae, funga imara, kisha paka grisi juu. Grisi haipakwi kati ya kichwa na kibanio kabla ya kufunga.

Stata ikikataa, sikiliza kwanza

Mlio wa tak-tak-tak wa haraka maana yake solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) inavuta, volti zinaanguka, inaachia, kisha inavuta tena. Hapo shuku betri iliyoisha au kiungo kibovu. Mlio mmoja mzito na kisha kimya, huku taa za ndani zikibaki na mwanga, unaelekeza kwenye stata yenyewe: vigusio vya solenoidi vilivyoungua au brashi zilizokwisha. Taa zikizimika kabisa baada ya mlio huo mmoja, rudi kwenye vichwa vya betri.

Kimya kabisa ni habari nyingine. Pima waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi wakati funguo imegeuzwa. Kama volti za betri zinafika pale na stata haijibu, stata imekufa au ethi ya injini imekatika. Kama hazifiki, fuata njia kurudi nyuma: rilei ya stata, swichi ya gia ya P na N au swichi ya klachi, swichi ya funguo, na mfumo wa kuzuia wizi, ambao mara nyingi huonyesha taa yake ya funguo kwenye dashibodi.

Alteneta

Injini ikinguruma, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.7. Washa taa kubwa, feni na kipasha joto cha kioo cha nyuma. Zisiporomoke chini ya 13.5 kwa muda mrefu. Magari mengi ya sasa huachia kompyuta iamue kiwango cha kuchaji, kwa hiyo unaweza kukuta 12.8 bila kosa lolote kwa sababu betri imejaa. Ndiyo maana kipimo kinafanywa vifaa vikiwa vimewashwa.

Ukiona volti ndogo, usiishushe alteneta bado. Pima kwenye nguzo yake kubwa ya nyuma. Ikiwa pale kuna 14.5 na kwenye betri kuna 13.1, alteneta inafanya kazi yake na waya kati ya hizo mbili ndio unaokula volti 1.4. Pia angalia kama taa ya betri kwenye dashibodi inawaka unapowasha swichi ya funguo kabla ya injini. Kwenye magari mengi ya zamani taa hiyo ndiyo inayoiamsha alteneta, na balbu yake ikiungua alteneta inaweza isianze kuchaji.

Kipimo ambacho wengi hukisahau ni cha AC. Geuza mita iwe kwenye volti za AC, ncha kwenye betri, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Ikizidi 0.5, diodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) moja au zaidi ndani ya alteneta imeharibika. Diodi mbovu huleta mvumo kwenye redio, huchanganya sensa, na wakati mwingine hunyonya betri usiku kucha.

Kuna jaribio moja la zamani lisilofaa kurudiwa: kufungua betri injini ikinguruma ili kuona kama gari litazimika. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo. Ikiondolewa ghafla, alteneta inaweza kurusha volti nyingi mno kwa muda mfupi na kuunguza kompyuta ambayo bei yake ni mara nyingi ya alteneta.

Volti zinazopotea njiani

Hapa ndipo hitilafu nyingi zinazosumbua hukamatwa. Kanuni ni nyepesi: waya mzuri haupotezi volti. Ukiweka ncha moja ya mita mwanzo wa waya na nyingine mwisho wake, mkondo ukiwa unapita, mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Chochote inachosoma ni volti zilizoliwa na ukinzani uliomo katikati.

Chukua taa kubwa moja inayotoa mwanga hafifu. Betri ina 12.5, injini imezimwa, taa imewashwa. Pima kwenye konekta ya balbu, ncha moja chanya na nyingine hasi, kwa kuchomeka kwa nyuma bila kuichomoa. Tuseme unapata 10.1. Volti 2.4 zimepotea, na sasa swali ni upande gani.

1. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye pini ya chanya ya balbu. Mita inasoma 0.3. Upande huu unavumilika.
2. Ncha nyekundu kwenye pini ya hasi ya balbu, nyeusi kwenye hasi ya betri. Mita inasoma 2.1. Tatizo ni njia ya kurudi.
3. Bakiza nyekundu hapohapo na sogeza nyeusi: kwanza kwenye bodi ya gari, kisha kwenye boliti ya ethi, kisha kwenye kichwa cha waya kilichobanwa na boliti hiyo. Mahali ambapo kipimo kinaruka kutoka 2.1 kwenda karibu na sifuri, hitilafu iko kati ya sehemu hizo mbili.

Jumla ya kilichopotea pande zote mbili lazima ilingane na upungufu uliouona kwenye balbu. Isipolingana, umekosea mahali pa kuweka ncha.

Kwa nini usitumie kipimo cha ukinzani tu? Balbu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.5, kwa hiyo kupoteza volti 2.1 ni ukinzani wa takriban nusu omu. Nyaya za mita peke yake zina omu 0.2 au 0.3, na kiungo kibovu kinaweza kusoma vizuri kikiwa kimepoa bila mkondo. Kwa stata hali ni kali zaidi. Ikivuta ampea 150, ukinzani wa omu 0.01 unakula volti 1.5 nzima, na mita za kawaida haziwezi kuuona ukinzani mdogo hivyo. Volti zitakuonyesha mara moja.

Viwango vya kufanyia kazi: kiungo kimoja au ethi isizidi volti 0.1, waya wa kawaida 0.2, swichi 0.3, na upande mzima wa chanya wa stata 0.5 wakati inazungusha injini. Kwa ethi ya sensa tumia kipimo kikali zaidi, volti 0.05, kwa sababu sensa inafanya kazi ndani ya volti 5 tu na kosa dogo linahamisha usomaji.

Ethi mbovu ina tabia zake. Ukikanyaga breki na indiketa inafifia, au taa ndogo za nyuma zinawaka upande mmoja unapowasha indiketa, umeme umekosa njia yake ya kurudi na unapitia kwenye balbu nyingine kutafuta njia. Sindano ya joto la injini ikipanda kila unapowasha taa ni dalili ya familia hiyohiyo. Ethi ya injini ikikatika, mkondo wa stata unaweza kujipitishia kwenye kebo ya klachi au ya kichapuzi hadi kebo ikapata moto. Tiba ni kufungua boliti, kusugua rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kusafisha kichwa cha waya, kufunga, kisha kupaka rangi au grisi juu yake. Kuongeza waya mpya wa ethi pembeni bila kusafisha wa zamani huficha tatizo kwa vifaa vingine vinavyotegemea sehemu ileile.

Fyuzi inayoungua tena na tena

Rangi za fyuzi za bapa zinafahamika: kahawia hafifu ampea 5, kahawia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Usiitegemee rangi ya uzi uliomo ndani kujua kama ni nzima. Una ufa usioonekana mara nyingine. Gusa kwa testa vijicho viwili vilivyo juu ya fyuzi bila kuichomoa. Testa ikiwaka pande zote mbili fyuzi ni nzima. Ikiwaka upande mmoja, imekatika.

Kamwe usiweke fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Fyuzi inalinda waya, na waya wa ampea 10 ukilazimishwa kubeba 30 unageuka kuwa chanzo cha moto ndani ya dashibodi.

Fyuzi inayoungua papo hapo ina shoti: waya wa chanya unagusa bodi. Inayoungua baada ya dakika kadhaa ina mzigo mzito, kwa kawaida mota ya wipa, feni au pampu ya mafuta iliyochakaa. Kwa shoti, acha kuchoma fyuzi mpya. Badala yake unganisha balbu ya wati 21 kwenye nafasi ya fyuzi, waya mmoja kila tundu. Shoti ikiwepo balbu itawaka kwa nguvu zote, na haitaruhusu zaidi ya ampea 1.75 hivi kupita, kwa hiyo hakuna kinachoungua. Sasa chomoa vifaa vya saketi hiyo kimoja kimoja, halafu konekta za njiani, ukitikisa nyaya pale zinapopita kwenye matundu ya chuma. Balbu ikizimika au kufifia, umefika.

Rilei

Rilei ya kawaida ina namba chini yake: 85 na 86 ni koili, 30 ni umeme unaoingia, 87 ni unaotoka. Koili ikipimwa husoma omu 50 hadi 120 hivi. Rilei kulia "tak" hakuthibitishi kwamba vigusio vyake vinapitisha umeme. Kunathibitisha koili tu. Njia ya haraka ni kubadilishana na rilei yenye namba ileile ya kifaa kingine kwenye boksi hilohilo. Isiposaidia, ichomoe na upime matundu: 30 iwe na volti za betri, 85 na 86 zipate chanya na hasi swichi ikiwashwa. Kisha unganisha 30 na 87 kwa kipande cha waya chenye fyuzi. Kifaa kikifanya kazi, rilei ndiyo mbovu au haiamrishwi. Kisipofanya kazi, tatizo liko mbele zaidi.

Betri inayokwisha gari likiwa limeegeshwa

Gari lililozimwa huendelea kutumia umeme kidogo kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kumbukumbu za kompyuta. Miliampea 20 hadi 50 ni kawaida. Ampea 0.5 ni tofauti kabisa: kwa saa 24 inakula saa-ampea 12, na betri ya saa-ampea 60 inafika nusu ndani ya siku mbili na nusu.

Hamisha waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la ampea 10. Fungua boneti na milango unayohitaji, kisha sukuma kufuli za milango kwa bisibisi ili gari lidhani imefungwa. Weka funguo mbali, hasa ile isiyo ya kuchomeka. Unganisha mita kati ya kichwa cha hasi cha betri na kibanio chake kabla ya kukinyanyua kibanio, ili kompyuta zisipoteze umeme zikaamka upya. Usiwashe swichi ya funguo wala kupiga stata mita ikiwa imeunganishwa hivyo, utachoma fyuzi yake.

Subiri. Kompyuta nyingi hulala ndani ya dakika 20 hadi 40, nyingine huhitaji hadi saa nzima. Anayesoma ampea 3 baada ya dakika mbili na kuanza kuchomoa fyuzi anatafuta tatizo lisilokuwepo.

Mkondo ukibaki juu, usianze kwa kuchomoa fyuzi, kwani kuirudisha huamsha kompyuta tena. Geuza mita nyingine iwe kwenye milivolti na ugusishe vijicho viwili vya juu vya kila fyuzi. Fyuzi isiyopitisha mkondo husoma sifuri. Inayopitisha husoma sehemu ndogo ya milivolti au zaidi. Ukiipata, fuata mchoro kujua inalisha nini. Walioshikwa mara nyingi ni taa ya buti isiyozimika, rilei iliyoganda, redio au kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa baadaye, na zile diodi za alteneta zilizotajwa juu.

Msimbo unataja saketi, hausemi ubadilishe nini

Skana huchomekwa kwenye konekta ya pini 16 chini ya dashibodi, ambayo magari ya Marekani yalilazimika kuwa nayo kuanzia modeli za 1996 na ya petroli ya Umoja wa Ulaya kuanzia 2001. Herufi P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi, U ni mawasiliano. Andika misimbo yote pamoja na takwimu za papo hapo zilizohifadhiwa wakati hitilafu ilipotokea kabla ya kufuta chochote. Ukifuta, ushahidi huo unapotea.

Msimbo P0118 unasema volti za saketi ya sensa ya joto la maji ziko juu kupita kiasi. Hausemi sensa imekufa. Fungua takwimu za injini na uangalie joto: ikisoma −40, kompyuta inaona saketi iliyokatika. Chomoa konekta ya sensa yenye nyaya mbili na uunganishe pini zake mbili za upande wa nyaya kwa kipande cha waya. Joto likiruka kupita 120, nyaya na kompyuta ni nzima, na sensa au mshiko wa pini zake ndio tatizo. Lisipobadilika, waya umekatika njiani. Kwa P0117, volti zikiwa chini, fanya kinyume: chomoa sensa. Usomaji ukianguka hadi −40, sensa ilikuwa na shoti ndani. Ukibaki juu, waya unagusa ethi. Sensa yenyewe husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi na karibu 300 kwenye nyuzi 80.

Sensa za nyaya tatu, kama ya shinikizo la hewa au ya kichapuzi, hupewa volti 5, ethi, na waya wa ishara unaotembea takriban kati ya 0.5 na 4.5. Anza na volti 5. Zikikosekana, na ukaona misimbo ya sensa kadhaa kwa pamoja, huenda sensa moja ina shoti na imeziangusha zote zinazoshiriki waya huo. Zichomoe moja moja huku mita iko kwenye waya wa volti 5. Zikirudi, umempata mkosaji, na umeokoa kompyuta isiyo na kosa.

Kwa misimbo ya U, pini 6 na 14 za konekta ya skana ndizo mtandao wa CAN, yaani nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kupitia kwazo, kwenye magari mengi. Betri ikiwa imefunguliwa, pima ukinzani kati yake: omu 60 ni sawa, kwa sababu mtandao una vizuizi viwili vya omu 120 kwenye miisho yake. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Karibu na sifuri, nyaya mbili zinagusana. Betri ikifungwa na swichi ya funguo ikiwashwa, waya mmoja husoma juu kidogo ya 2.5 na mwingine chini kidogo. Kwenye magari yenye kompyuta ya lango kati ya skana na mitandao mingine, vipimo hivi havionyeshi mtandao wote, na mchoro utakuelekeza mahali pa kupimia.

Tatizo linalokuja na kuondoka

Rudisha mazingira yake. Likitokea injini ikipata moto, pasha konekta kwa mashine ya kukaushia nywele. Likitokea mvua ikinyesha, nyunyiza maji taratibu. Weka mita kwenye hali ya kurekodi kipimo cha chini na cha juu, kisha tikisa nyaya kipande kwa kipande. Mpira unaopitisha nyaya kati ya mlango na bodi, na ule wa buti, ni mahali pa kuangalia mapema kwa sababu nyaya hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Vuta kila waya kwa upole: ukirefuka kama mpira, shaba imeshakatika ndani ya ganda.

Usichomeke ncha nene ya mita mbele ya pini ya kike. Inaipanua, na umetengeneza hitilafu mpya itakayokuja na kuondoka. Pima kwa nyuma ya konekta kwa pini nyembamba.

Waya ukikatika, tumia wa unene uleule, bana kiungo kwa koleo la kubania au ulehemu kwa risasi, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi. Utepe pekee huachia kwenye joto la injini na maji huingia. Nyaya za CAN zimesokotwa pamoja ili kuzuia vurugu za umeme wa nje, kwa hiyo zirudishe zikiwa zimesokotwa hadi karibu kabisa na kiungo.

Baada ya kazi, rudia kipimo kilekile kilichoonyesha hitilafu, kifaa kikiwa kimewashwa, na ulinganishe namba. Ukiwa umefungua betri, vioo vya milango vinaweza kuhitaji kushushwa na kupandishwa hadi mwisho ili vijifunze upya, redio ikadai namba yake ya siri, na injini ikanguruma bila utulivu kwa muda hadi kompyuta ijirekebishe. Futa misimbo, endesha gari, kisha soma tena.